Kikombe Nilichokunywa Kalenga

4 Desemba, Soweto, Mbeya

Fred ameuawa. Naandika hivyo kwanza kwa sababu tangu saa nne asubuhi watu wananiambia ametutoka, ametangulia, amepumzika. Hakupumzika. Alikuwa anaendesha lori la chakula kwenye barabara ya matope mashariki ya Kongo, likashambuliwa, akafa yeye na wenzake wawili. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, koplo, dereva, miaka thelathini na minne.

Ofisa aliyeleta habari alikuwa kijana mwenye adabu, bereti mkononi. Akasema Fred amekufa kishujaa. Nikamuuliza, mtu aliyebeba mchele na maharage anakufaje kishujaa? Akaangalia chini. "Mwalimu, pole sana." Nimeacha kufundisha mwaka wa sita huu, nauza madaftari na kutoa kopi, lakini Soweto nzima bado wananiita mwalimu, hasa wanapotaka ninyamaze.

Nilikwenda naye kwa Tumpe, mke wa Fred, nyumba ya nne kutoka kwangu. Anashona sare za shule kibarazani. Alituona tukija, akajua. Akamalizia mshono wa kola aliyokuwa ameianza, akakata uzi kwa meno, ndipo akatoa mguu kwenye cherehani. Binti yao Lusekelo, miaka saba, alikuwa chini anachezea vipande vya kitambaa. Tumpe hakulia. Nilikasirika kwamba halii.

5 Desemba

Mvua. Watu. Kila anayeingia ana ushauri.

9 Desemba, Kalenga

Tumemzika nyumbani, kando ya baba. Bendera, risasi hewani, askari wenzake waliobeba jeneza kwenye ule utelezi bila kuyumba. Sina neno baya juu ya vijana wale.

Neno ninalo juu ya wasifu wa marehemu. Aliusoma Baba mdogo Anord, mdogo wa baba yetu, mzee wa kanisa, na sasa mkubwa wa ukoo wetu wa Kalinga. "Marehemu aliitwa na vita tangu tumboni," akasoma. "Alizaliwa hatua chache kutoka makumbusho ya Mkwawa, akanyonya ushujaa wa udongo huu. Hakuwahi kuogopa kitu." Hapo hapo ikapiga radi, nami nikacheka kwa sauti. Fred wa miaka kumi akisikia radi alikuwa anaingia uvunguni mwa kitanda cha mama, na hatoki mpaka aahidiwe kiazi cha kuchoma.

Mama aligeuka akanitazama. Ana miaka sabini na minane, anaitwa Tekla, na hajawahi kunipiga hata mara moja. Leo nilidhani ataanza.

17 Desemba, Soweto

Mhariri mmoja anataka makala juu ya Fred. Nimekaa siku tatu na karatasi tupu, mimi ambaye hukasirika maneno elfu moja kabla ya chai. Acha niandike hapa.

Fred alimaliza kidato cha nne akapata sifuri. Nilimwita mvivu. Mimi niliyesoma vitabu rafu nzima kuhusu wafanyakazi wa dunia, nilikuwa na mfanyakazi mmoja nyumbani na nikamwita mvivu. Akaenda Makongolosi, akabeba mawe ya dhahabu mgongoni kutoka kwenye duara, shimo la mgodi, hadi kwenye karasha la kusagia mawe, miaka miwili, mpaka siku duara lilipoporomoka na wenzake watatu wakabaki chini. Hakushuka tena. Akawa utingo wa Fuso, Mbeya hadi Tunduma, akajifunza kuendesha. Akampata Tumpe, Mnyakyusa wa Tukuyu. Barua ya posa ilikwenda kwao na ikapokelewa. Harusi ya kanisani ikaahirishwa mara tatu kwa sababu Fuso lilikuwa halina ratiba. Ndipo akajiunga na JKT kwa kujitolea, akalima, akafyatua matofali, akangoja. Hakuitwa na vita. Alikwenda mwenyewe kugonga mlango wa jeshi, na aligonga miaka mitatu, kwa sababu, aliniambia, "Kaka, kule asubuhi huulizi kama leo kuna kazi."

Wiki moja kabla ya kuondoka kwenda Kongo alikuja dukani. Akasema, "Kaka, naogopa." Mimi nikampa mhadhara wa nusu saa kuhusu madini, mabeberu na mipaka iliyochorwa Ulaya. Alikunywa chai yake mpaka mwisho. "Asante, kaka. Nimeelewa."

Hakuwa ameomba kuelewa.

13 Januari

Lusekelo ameanza darasa la pili. Ameulizwa kazi ya baba yake akajibu, "Dereva." Mwalimu wake akamsahihisha: "Sema askari." Nimetaka kwenda shuleni. Yusta, mke wangu, amekaa mlangoni na beseni la mboga na hakuondoka mpaka nilipovua viatu.

18 Januari, Kalenga

Leo nimefanya jambo ambalo sijui nitaliandikaje. Nitaliandika kwa mpangilio.

Ukoo ulikaa kumaliza msiba: kumtaja atakayesimama mahali pa marehemu, kupanga mambo ya mtoto, na kuandika muhtasari wa kwenda mahakama ya mwanzo. Wanaume kwenye mabenchi sebuleni kwa Anord, wanawake mkekani, Tumpe karibu na mlango na Lusekelo mapajani.

Anord akaanza kwa upole wake ule unaonipandisha presha. "Fred hakuacha mtoto wa kiume. Jailos atasimama mahali pake." Jailos ni mtoto wa Anord, mgema wa ulanzi, pombe ya mianzi, mtu wa maneno matatu kwa siku. "Na mtoto ni wa ukoo. Shule zikifungwa mwezi wa sita, Lusekelo anahamia hapa kwa Jailos. Mama yake tunampenda, lakini hawakufunga ndoa, bado kijana, kesho ataolewa kwingine. Tusimfunge kamba."

Tumpe akainua uso. "Baba, mimi sina mpango wa—"

"Utapewa nafasi, mwanangu."

Sikungoja apewe. Kwetu mtu husema akiwa amekaa. Mimi nilisimama, kama niko darasani. Nilisema karibu saa nzima. Nilianza na haki za mtoto, nikapita kwa wajane wa Agano la Kale, nikafika kwa machifu na wakoloni waliowapa machifu viti, nikarudi na wasifu wa uongo uliosomwa kaburini. Nilimwambia Anord kwamba amemfanya Fred sanamu ili watu wasiulize nani alimpeleka kubeba mawe. Nilikuwa nazungumza vizuri. Naliandika hili kwa aibu: nilikuwa najisikia, na nilijipenda.

"Umemaliza, mwanangu?" Anord akauliza.

"Kwa sasa."

"Pole kwa kazi. Koo limekauka."

Jailos akasogea na mbeta, lile pingili la mwanzi linalowekewa ulanzi, akamimina kwenye kikombe cha bati. Akakishika kwa mikono miwili mbele yangu. Mkono wake ulitetemeka. Nililiona hilo na sikujiuliza. Nikanywa. Ulanzi wa Januari, mtamu, bado unachemka puani. Nikanywa mpaka chini.

Kisha bibi mmoja akapiga kigelegele.

"Kaka wa marehemu amekunywa," Anord akasema. "Neno limefungwa."

Kwetu, neno zito likishasemwa, mkubwa wa nyumba inayohusika hupewa kikombe. Akikataa, mazungumzo yanaendelea hata siku tatu. Akinywa, amekubali kwa niaba ya nyumba nzima. Nilijua. Miaka minne iliyopita niliiandika mila hii gazetini, nikaisifu kwamba ni demokrasia ya watu wasiohitaji mihuri.

"Nilikuwa na kiu!" nikapiga kelele.

"Hata mimi nilikuwa na kiu siku ile nilipomwoza binti yangu," akasema mzee wa pembeni, na sebule nzima ikacheka.

Tumpe alisimama, akambeba Lusekelo ambaye ni mkubwa wa kubebwa, akanitazama mara moja tu. Sikuona hasira. Alinitazama kama mtu anavyotazama fundi aliyekata kitambaa vibaya.

19 Januari

Yusta: "Baba Vitus, vitabu vyote vile, umeshindwa na kikombe?" Alianza kucheka, akaona uso wangu, akaacha.

2 Februari

Mvua siku ya kumi na moja. Dukani hakuna mtu, karatasi zimenyonya unyevu na mashine inazimeza.

Nilikwenda kwa Tumpe na mpango. Nimesoma sheria ya mtoto yote, nikapiga mistari. Twende ustawi wa jamii, twende mahakamani, hakuna hakimu atakayempokonya mama mtoto wa miaka saba kwa sababu ya bati la ulanzi. Tutawashinda kabla ya Pasaka.

Aliendelea kushona. "Shemeji, nikiwashinda, halafu?"

"Mtoto anabaki na wewe."

"Na kaburi?"

"Kaburi linahusu nini?"

Akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Kaburi la Fred liko Kalenga. Bibi yake Lusekelo yuko Kalenga. Nikienda na karatasi ya mahakama, watanipa mtoto, ndiyo. Siku akitaka kwenda kumsalimia baba yake, atapita mlango gani? Nataka akae na mimi, na kule apite mchana kweupe akiitwa mjukuu. Vyote viwili."

"Huwezi kupata vyote viwili kwa wale wazee."

"Wewe huwezi," akasema. "Mimi sijajaribu. Kila nikifungua mdomo, wewe unaongea."

Nimerudi nyumbani nikiwa nimefura. Mwanamke mpole, nilikuwa namwita hivyo. Mpole!

15 Februari

Nimeandika makala. Tumpe hajui.

22 Februari

Imetoka. Ukurasa mzima: "Kikombe Kilichochukua Mtoto." Sikutaja majina. Simu kumi na nne za pongezi kabla ya saa sita, mbili kutoka Dar es Salaam.

1 Machi

Mama hapokei simu.

4 Machi

Nimepata habari kupitia kwa jirani yao. Mtu alilipeleka gazeti kanisani, likasomwa nje baada ya ibada, neno kwa neno. Sikutaja majina, lakini niliandika "mzee wa kanisa wa kijiji chenye makumbusho," na Kalenga nzima inajua kusoma. Mama alikuwepo. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Aliyeandika ni nani?" Wakamwambia. Akasema, "Huyo nilimpeleka shule mimi," akaondoka peke yake kwenye mvua, amekataa mwavuli.

Anord ametuma ujumbe kwa Tumpe, si kwangu. Mtoto hatangoja mwezi wa sita. Watakuja kumchukua likizo ya Pasaka.

Tumpe amekuja dukani akaweka simu kwenye meza ya kopi nisome. Kulikuwa na wateja watatu. Nilisoma, nikarudisha simu, nikamtolea mteja kopi za cheti cha kuzaliwa, zikatoka nyeusi zote.

5 Machi

Nimezima simu. Nimewaambia wahariri nina malaria.

12 Machi

Jailos amekuja Mbeya. Alikaa kwenye benchi la dukani na koti la mvua, akakataa soda, akakubali chai. Nilikuwa nimemwandalia hotuba tangu Januari.

"Kamwene, kaka," akanisalimia kwa Kihehe.

"Umekuja kupima urefu wa mtoto?"

Akageuza kikombe cha chai mkononi. Akafikiri kwanza, nami kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikangoja.

"Kaka, mimi ninao watano," akasema. "Wa sita nimweke wapi? Na mke wangu anajifungua mwezi wa tano. Sikutaka. Ila baba akisema, mimi nisemeje?"

"Sema hapana!"

"Wewe ulisema hapana saa nzima. Ukaishia wapi?"

Nikamwongezea chai.

"Nikikupa kile kikombe nilitetemesha mkono makusudi," akaendelea. "Nilitaka kimwagike. Ukakidaka kama golikipa."

Nikacheka, naye akacheka, kisha tukaacha, maana Fred alikuwa akicheka hivyo hivyo, mabega tu yakipanda.

Kabla ya kuondoka alinieleza kilichomleta. Kikombe kinaweza kurudishwa. Yeye hakumbuki ikifanyika, lakini mama yangu anakumbuka mara moja, alipokuwa msichana. Aliyekunywa analeta ulanzi wake mwenyewe, wa msimu ule ule aliokunywa. Anakaa chini, si kwenye benchi. Mtu mwingine anamsemea. Na tangu anapovuka kizingiti mpaka muhtasari utiwe saini, hafungui mdomo. Akitoa neno moja, kikombe cha kwanza kimesimama na halijadiliwi tena. "Na ulanzi unakauka mvua zikikatika," akasema. "Kwa hiyo usichelewe, kaka. Lakini kwanza mama yako. Bila mama, baba hataitisha kikao."

Nimemwita huyu mtu mnyang'anyi katika ukurasa mzima wa gazeti.

29 Machi, Kalenga

Mama alikuwa anapalilia maharage kati ya mahindi. Hakuacha. Nikachukua jembe la pili nikalima mstari wa jirani. Mistari minne bila salamu. Mgongo wangu haujui tena kazi hii.

Mwishoni mwa mstari wa tano akasema, "Ulicheka kaburini."

"Nilikumbuka uvunguni, mama."

"Na mimi nilikumbuka uvunguni. Unadhani nilikuwa nawaza nini? Lakini watu wamesimama, wamevaa vizuri, wanamsifu mwanangu. Mara ngapi maishani mwake watu walisimama wakamsifu? Ulimsifu wewe lini?"

Nikapiga jembe chini mara mbili.

"Anord anasema uongo," akasema. "Naujua ni uongo. Ni wangu. Niachie."

Aling'oa magugu mengine mawili matatu. Kisha akasema atazungumza na Anord asimamishe kwanza mambo ya Pasaka, na akaniuliza kama naweza kweli kukaa kimya kutwa.

"Naweza."

Mama yangu, mjane, aliyefiwa na mtoto wake wa mwisho miezi minne tu iliyopita, alicheka mpaka akaegemea mpini wa jembe.

14 Aprili, Soweto

Pasaka imepita, hawakuja. Anord amekubali kikao, tarehe thelathini Mei, mahindi yakishakauka. Mapema hataki. Anajua sana kalenda ya ulanzi, mzee yule.

3 Mei

Siku ya sita bila mvua. Sijawahi kuomba mvua iendelee Mbeya. Mtu angenisikia angenipeleka hospitali. Jailos anasema mianzi mingi imeacha kutoa. Amebakiza shina moja bondeni, analinyeshea maji ya mto.

10 Mei

Tumpe ndiye atanisemea. Nilimwandikia kurasa nne. Alizisoma zote kwa heshima, akazikunja, akazitia chini ya mguu wa cherehani uliokuwa unayumba.

21 Mei

Baridi imeingia. Mvua hakuna. Mke wa Jailos amejifungua mvulana. Wamemwita Fred.

30 Mei, Kalenga

Mbeta ilikuwa nusu. Jailos alinikabidhi nje ya nyumba, akanong'ona, "Ndiyo yote iliyotoka kwa siku nne." Nikavuka kizingiti na mdomo wangu umefungwa.

Nilikaa chini, sakafu ya saruji, magoti yakiniuma. Mabenchi yalijaa kuliko Januari. Nadhani wengine walikuja kuniona mimi. "Mwalimu ameugua?" akauliza yule mzee wa pembeni. "Mleteeni redio, asijisikie mpweke." Wakacheka. Nilitazama kucha zangu.

Anord akafungua kwa sala, kisha akasema, "Nani anamsemea aliyekunywa?"

"Mimi, baba," Tumpe akasema. Alikuwa amekaa mkekani, miguu ameikunja vizuri, mikono mapajani. Alisema polepole, kwa lafudhi yake ya Tukuyu.

"Mimi sijasoma kama shemeji. Nitasema kidogo. Baba ulisema siku ya mazishi kwamba Fred aliitwa na vita tangu tumboni. Ni kweli."

Niliacha kutazama kucha.

"Alikuwa akiniambia," akaendelea, "kwamba udongo wa Kalenga ndio uliompa moyo. Siku anaondoka hakuogopa hata kidogo. Alisema, nikifa mnirudishe kwa wazee wangu."

Siku anaondoka Fred alitapika kwenye karo la nje, na Tumpe alimshika kichwa. Nilikuwepo. Nilishika begi. Na hakuwahi kusema habari ya wazee; alisema tusisahau kubadilisha bati la jikoni.

Anord alikuwa amevua miwani. Anasikiliza, uso umelainika. Kisha akanigeukia mimi. "Mwalimu. Wewe ulituambia hapa kwamba tunasema uongo juu ya mdogo wako. Haya, mke wake anasema hivi. Si kweli?"

Sebule nzima ikaniinamia. Nilimwona mama kwenye mkeka, mkono mdomoni. Nilimwona Jailos amefumba macho. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nililing'ata. Anord akangoja, na akangoja tena. Mzee anajua kungoja. Nikainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua, na nikabaki hivyo.

"Basi," Tumpe akasema, kama vile hakuna kilichotokea, "mtu kama huyo, mtoto wake lazima ajulikane ni mtoto wa ukoo huu. Mimi siwapokonyi. Kila likizo atakuja kwa bibi yake. Kaburi atalifagia yeye. Jailos asimame mahali pa Fred, mimi nakubali mbele yenu. Ninaomba kitu kimoja. Alale kwangu, asome Mbeya, kwa sababu baba yake aliacha cherehani mbili, moja ni ya huyu mtoto, na Fred alitaka ajifunze kwa mama yake." Akageuka. "Na mama hapa anajua kama mimi nilikuwa mke au sikuwa mke."

Mama akasema, "Alikuwa mke. Alinifulia nikiwa mgonjwa. Nani mwingine hapa alinifulia?"

Wake wa wale wazee wakatazamana.

Walijadiliana kwa Kihehe muda wa saa mbili. Nilisikia kila neno, pamoja na yale waliyosema juu yangu: kwamba nilikuwa mtoto mwenye akili ila niliharibiwa na bweni, kwamba kusema sana ni ugonjwa wa upande wa bibi yetu. Mwishowe Anord akanyoosha mkono, Jailos akamimina kutoka kwenye mbeta yangu. Kikombe kimoja tu kikajaa. Anord alikinywa mwenyewe.

"Mtoto analala kwa mama yake," akasema. "Neno limefungwa."

Tumpe ndipo akalia. Miezi sita. Alilia kwa sauti kubwa, ya Kinyakyusa, bila kujifunika, na wanawake wakamshika, na mimi pale sakafuni sikuruhusiwa hata kusema pole, maana saini zilikuwa bado.

31 Mei, ndani ya basi, tumepita Makambako

Lusekelo amelala kwenye bega la mama yake. Tumpe ananitazama mara kwa mara, anadhani sitaki kusema naye.

"Shemeji," amesema sasa hivi, "najua nilichosema jana. Umekasirika?"

"Ndiyo."

"Sana?"

"Sana."

"Ndaga fijo," amesema, kwa lugha yao, asante sana, na ameelekeza uso dirishani.

Muhtasari ninao mimi, nimeambiwa niutolee kopi tatu kabla haujaenda mahakamani kesho. Umeandikwa na karani wa ukoo kwa mwandiko mzuri. Unasema marehemu Fred Kalinga, askari, aliitwa na vita tangu tumboni mwa mama yake. Unasema alisoma vizuri. Hausemi Makongolosi, hausemi Fuso, hausemi kwamba aligonga mlango miaka mitatu. Unasema hakuwahi kuogopa kitu chochote. Aya ya mwisho inasema mtoto Lusekelo ataishi na mama yake mzazi, Tumpe, mke wa marehemu, na chini yake kuna saini kumi na moja na dole gumba la mama.

Nimeusoma mara tatu. Kalamu ninayo mkononi, ndiyo hii ninayoandikia. Nitautolea kopi kama ulivyo.